Mgombea wa Kusindikiza

Koti Lusajo alilinunua mnadani, Tunduma, siku ya ule upepo wa Julai unaoingia mpaka kwenye mifupa. Lilikuwa la mtumba, jeusi, zito, la mtu aliyekula akashiba. Alipotia mkono mfuko wa ndani akitumaini dola iliyosahauliwa, alitoka na kadi kumi na nne za Mmarekani mmoja wa Ohio, na chini ya jina imeandikwa kwamba mwenye kadi ni mshauri wa kampeni za siasa. Mtu mwingine angezitupa. Lusajo alikumbuka kwamba chama kimefungua pazia la kuchukua fomu za udiwani, akazirudisha mfukoni taratibu.

Tuelewane mapema: Lusajo hakuwa mwizi. Mwizi huchukua usichotaka kutoa. Lusajo alichukua ulichomletea mwenyewe, tena ukimbembeleza apokee.

Na safari hii alikuwa na sababu. Alimpenda Imelda, mwenye mgahawa wa chai karibu na stendi, na hapo hapakuwa na utapeli hata chembe. Baba yake, Mzee Zabron wa Ndalambo, alikuwa ametaja mahari: ng'ombe kumi, wawe zizini kabla ya mwezi wa tisa, maana kuna mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, naye ameshatuma mshenga. Lusajo hakuwa na hata kuku.

Siku tatu zilitosha mji mzima kusikia habari za Lusajo, sasa Mtaalamu. Kwa maelezo yake, kule Ohio alikuwa ameweka madarakani magavana watatu, pamoja na seneta mmoja ambaye hata majirani zake walikuwa hawamjui. Aliyeuliza mbona jina la kwenye kadi si la Kindali, lugha ya kwao, aliambiwa kwamba Wamarekani lilishawashinda kulitamka jina lake la kijijini Mbebe, wakampa hilo la kazini. Ukweli ni kwamba siasa za Marekani alizisomea kwenye televisheni ya kinyozi mmoja wa Nakonde, miaka minne, akiuza vitenge mlangoni.

Wa kwanza kunasa alikuwa Mama Ferista, mfanyabiashara wa mahindi aliyekwisha kuchukua fomu, mwenye ng'ombe huko Kamsamba asiowajua idadi. Mtaalamu alikaribishwa kwa mlango wa nyuma.

"Mama, huku mnagombea kwa maneno. Kule tunagombea kwa hesabu," alimwambia. "Wajumbe wa kura za maoni ni mia na ishirini, na mpinzani wako Efraimu ana sitini. Tukisimamisha mgombea wa kusindikiza, mtu mdogo tu, atamla Efraimu kura ishirini. Wewe unapita katikati."

"Huyo mtu mdogo tutamtoa wapi?"

"Ninaye. Muuza chai."

"Na akizidisha?"

"Muuza chai, Mama?"

Wakacheka wote wawili. Gharama ilikuwa ng'ombe watano. Mama alipotaka kulipa kwa simu, Mtaalamu alishtuka kweli kweli, akamweleza kwamba pesa huacha alama na watu wa kuzuia rushwa wanajua kusoma, ila ng'ombe anatembea zake na haachi ujumbe.

Kesho yake alikuwa kwa Mzee Efraimu, mwenye nyumba ya wageni, akimpa somo lile lile. Kilichobadilika ni jina la atakayeliwa. Efraimu naye alikuwa na mifugo Kamsamba, naye akatoa watano. Ng'ombe kumi wakaswagwa hadi Ndalambo na kupokelewa mbele ya ukoo kwa vigelegele.

Ikabaki kumwambia Imelda achukue fomu. Aliendelea kufuta meza, kisha akauliza msindikizaji husema nini mbele ya wajumbe. Lusajo, kwa kuwa alipenda kutazamwa naye, alimfundisha yote aliyoyaona kwa kinyozi: pita nyumba kwa nyumba, mjue mjumbe kwa jina na mtoto wake kwa jina, uliza kinachomuuma kabla hujasema lako, ukisimama sema machache. Mwenyewe hakuamini hata moja. Imelda aliyaandika nyuma ya kalenda.

Sasa, mjumbe wa kura za maoni ni kiumbe mwenye heshima zake. Hakatai chakula cha mgombea, na hamwambii mtu hapana machoni. Wajumbe walikula wali kwa Ferista wakasema tuko pamoja, wakala pilau kwa Efraimu wakasema tuko pamoja. Lusajo akaita hayo utafiti, akampelekea kila mmoja habari kwamba anaongoza. Cha kushangaza ni kwamba jioni wajumbe hao hao walikuwa wanakwenda kumalizia kwa Imelda, kwenye supu. Ilikuwa supu nzito, ya ukarimu. Lusajo mwenyewe alikunywa mabakuli mawili, akauliza nyama ya wapi tamu hivi. Imelda akamwambia ya nyumbani.

Siku ya kura kila mgombea alipewa dakika tatu. Ferista alizimaliza kwa kumsema Efraimu, na Efraimu kwa kumsema Ferista, kama Mtaalamu alivyowaelekeza. Imelda akasimama, akamuuliza mjumbe Dina kama mguu umepata nafuu, akampa pole mzee mmoja kwa kufiwa na shemeji.

"Mimi sina ahadi kubwa," alisema. "Choo cha stendi hakina kitasa tangu mwaka juzi. Nimechoka kuwashikia wateja wangu mlango."

Akakaa. Efraimu alipata kura kumi na tano, Ferista kumi na nane, muuza chai themanini na saba.

Ferista na Efraimu waligeuka kumtafuta Mtaalamu kwa wakati mmoja, macho yao yakagongana, wakaelewa. Kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo. Walimpakia Lusajo nyuma ya pikapu ya Ferista, Imelda akakaa mbele kama mheshimiwa, safari ikawa ya Ndalambo kudai ng'ombe.

Zizini walikuwamo watatu.

"Saba mmewanywa," alisema Mzee Zabron bila haraka. "Binti aliniomba vya kuwapikia wajumbe. Na hawa watatu wamepokelewa na ukoo kwa mahari. Mkiona mmeonewa, polisi wapo. Mtawaeleza mlikuwa mnamhonga nani na kwa kazi gani."

Efraimu alikumbuka bakuli lake la supu, akapanda garini. Ferista akawasha gari.

Walipotokomea, Lusajo alipumua. Kura zimekwenda na maji, lakini mahari si imefika? Akakohoa kidogo, akaomba wapange siku ya harusi.

"Harusi ya nani?" aliuliza mzee. "Ng'ombe kumi walikuwa wa muuza chai. Huyu ni diwani mtarajiwa, mwanangu. Huyu ni thelathini."

Lusajo alimgeukia Imelda amtetee. Imelda hakucheka, ingawa ilimgharimu.

"Uchaguzi wenyewe ni Oktoba," alisema. "Nahitaji mtu wa kampeni, na sina cha kumlipa. Nikishindwa, narudi kuuza chai kwa ng'ombe kumi, na kumi umeshatoa. Nikishinda, unadaiwa ishirini. Chagua mwenyewe utanifanyia kampeni ya namna gani."

Hapo Lusajo aliona mlango uko wazi. Angelegea kidogo tu, apotoshe ratiba, achelewe mkutano mmoja au miwili, na mke angekuwa wake kufikia Krismasi. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kufanya. Akamtazama yule mwanamke aliyekuwa amewanywesha watu mia na ishirini mahari yake mwenyewe, akajikuta, maskini wa Mungu, anataka ashinde.

Akamuuliza waanze nyumba ipi.