Wa Mwisho Kufika Kibandani

Jumamosi, 20 Julai

Kahawa dukani. Saimi, mwenyekiti wa chama chetu cha wavuvi, ametangaza kwamba ramani mpya ya mto inachapishwa. Kila kilindi kina jina lake isipokuwa kimoja, kile cha chini ya kibanda cha juu. Ameamua, bila kumwuliza mtu, kwamba atakayeandika samaki aina ya trauti mkubwa kuliko wote katika daftari la kibandani kufikia siku ya Mtakatifu Jaakko, yaani Alhamisi, ndiye atakayekipa jina.

Wote wakamgeukia Raimo. Raimo hakuinua hata kichwa kutoka kwenye andazi lake la mdalasini. Yeye anaongoza wavuvi wageni kila wiki, ana mashua mbili, na kofia nyekundu iliyoshonwa jina lake mwenyewe. Mimi mwezi huu nina mgeni mmoja. Kofia ni ya shemeji yangu.

Nikasema nami nitajaribu. Saimi akaniuliza kama siku hizi ninapata usingizi.

Jina ninalo. Hilkka. Miaka thelathini na moja mke wangu alikaa juu ya lile jiwe bapa la kilindini wakati mimi nikihangaika na wageni. Thamosi miguuni, fumbo la maneno gotini. Hakuvua hata siku moja. Alisema samaki hawajamkosea kitu. Lakini nzi wote wa manyoya, wale tuliowadanganyia samaki, aliwafunga yeye, dirishani pa jikoni, miwani kwenye ncha ya pua. Alifariki mwezi wa pili. Wamebaki nzi kumi na mmoja ndani ya kopo lake la pipi za koo. Bado linanukia pipi.

Ningeweza kumwambia Saimi tu, pale pale. Nilifungua mdomo. Nikaomba sukari. Situmii sukari.

Jumapili, 21 Julai

Mgeni amefika. Bwana Lindroos, daktari wa meno kutoka Turku. Mpole kupita kiasi. Nimemfanyisha mazoezi ya kurusha mshipi uani. Ameninasia shati langu la kanisani kwenye kamba ya nguo, akaliomba radhi. Shati!

Hila ya kwanza. Nimemkuta Raimo nje ya kanisa, nikamwambia kwa huzuni kwamba kule juu maji yamekauka hivi kwamba mtu anavuka bila kulowesha soksi. Alinishukuru sana. Alinishika mkono. Akasema basi samaki wote watakuwa wamejazana kilindini, na kwamba alikuwa anasitasita lakini sasa atapanda Jumanne.

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumatatu, 22 Julai

Usingizi mdogo, lakini nimepata wazo. Kubwa.

Kibanda cha juu kina vitanda viwili tu. Na kanuni ya vibanda vyetu vya porini inajulikana na kila mtoto: anayefika wa mwisho ndiye mwenye haki zaidi, kwa sababu ndiye aliyechoka zaidi. Aliyekwisha kupumzika anafungasha na kumpisha. Tena, kwa desturi ya mto wetu, waliolala vitandani ndio wenye maji ya asubuhi, yaani wanaovua kwanza, na asubuhi ndipo yule samaki mkubwa anapopanda juu kula.

Maisha yangu yote nimekuwa nikikimbia ili nifike wa kwanza! Nikifika nafukuzwa. Hilkka alikuwa akicheka hadi anashika ubavu.

Safari hii nitafika wa mwisho. Tutajificha kwenye mierebi, Raimo aingie, avue viatu, atandike. Ndipo tubishe hodi.

Bwana Lindroos aliuliza kwa adabu itakuwaje kama Bwana Raimo naye amewaza hivyo hivyo. Nilimwambia Raimo hawazi.

Mazoezi ya jioni, maji ya chini. Nzi watatu wamebaki juu ya mierebi. Wamesalia wanane. Bwana Lindroos aliniona nikiangalia kopo, akakunja mshipi wake.

Jumanne, 23 Julai

Tumejificha tangu saa nane mchana. Kibanda kitupu. Mvua. Moto hapana, moshi ungetusaliti. Kahawa baridi. Visubi kwenye masikio, visubi kwenye mkate. Bwana Lindroos amenieleza habari za magego kwa saa nzima, kwa sauti ya chini, na ninakiri ilinisaidia.

Saa kumi, ng'ambo ya pili ya kibanda, nyuma ya msonobari, kofia nyekundu.

Raimo naye amejificha. Pamoja na mgeni wake, bwana mmoja mrefu kutoka Oslo, aliyekuwa amekunjwa nyuma ya kichuguu kama kitanda cha kambi.

Tukangoja. Wao wakangoja. Saa kumi na moja ikatoka sauti msituni.

"Jirani, ingia ndani bwana, utapata kichomi."

Nikajibu kwamba aingie yeye, ana mgeni.

"Na wewe una nani hapo, mpwa wako?"

"Mimi naangalia ndege."

"Hata ndege wamejificha mvua, Oiva. Wewe ndiye mkubwa, tangulia."

"Nimekuzidi miezi minne tu."

Bwana wa Oslo akapiga chafya, Bwana Lindroos akamtakia afya njema kutoka ng'ambo ya pili. Nilimkanya.

Saa moja jioni, jua bado juu, njiani wakatokea Saimi na dada yake Elma, mabuti ya mpira, ndoo mbili za beri za kinamasi, wakiimba. Wakaingia kibandani. Baada ya dakika kumi, moshi. Baada ya robo saa, harufu ya kahawa na chapati za maji.

Sasa ilibaki kubisha hodi. Wao ndio waliotangulia, sisi ndio tuliochoka, kanuni iko upande wetu. Elma ana miaka sabini na minane na nyonga ya chuma. Nilimwangalia Raimo. Raimo aliniangalia mimi. Tukatoka vichakani wakati mmoja, hakuna aliyekuwa wa mwisho, na hakuna aliyetamka neno kanuni.

Saimi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Tumewasikia tangu darajani," alisema. "Futeni viatu nje kwanza, sakafu nimefagia."

Tulikula tumesimama. Wageni wamelazwa sakafuni karibu na jiko. Raimo na mimi, banda la kuni, turubai moja. Anakoroma. Hilkka alisema miaka yote kwamba mimi nakoroma, nami nikakana miaka yote. Sikujua ni kitu cha namna hii. Nasikitika.

Jumatano, 24 Julai

Waliolala vitandani ni akina Saimi, kwa hiyo maji ya asubuhi ni yao. Saimi havui. Nikajipa moyo.

Elma anavua.

Tulimkuta amekaa juu ya jiwe la Hilkka, na ufito wa kukata porini na kopo la maziwa ya mgando lililojaa nyungunyungu. Nilitaka kumwambia pale pana mwenyewe. Lakini alikuwa amening'iniza miguu vile vile, na buti moja likigongagonga jiwe vile vile. Nikamwachia jiwe.

Saa mbili kasoro robo akamvuta trauti nje. Hakuna ustadi wowote. Kama mtu anayetoa shuka kwenye beseni. Kilo nne na robo, kwa mizani ya Raimo mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini, Raimo na mimi tulikubaliana jambo. Tulisema kwa pamoja kwamba nyungunyungu si uvuvi. Saimi aliuliza kama kanuni yake ilitaja chambo. Haikutaja. Aliuliza tena kama sisi wawili, wenye nzi wetu wa manyoya, tumepata nini tangu jana. Raimo akasema kikohozi.

Elma ameandika daftarini kwa mkono wake, ulimi nje kidogo. Kilo, tarehe, na jina: Kilindi cha Halli.

Halli ni mbwa wake. Alikufa masika haya, miaka kumi na sita. Namkumbuka vizuri. Kila walipopita pale alikuwa akimwibia Hilkka mkate juu ya lile jiwe. Baadaye Hilkka akaanza kukata vipande viwili na kudai siku hizi ana njaa sana.

Nilijaribu kukasirika. Nilikwenda nyuma ya banda la kuni makusudi. Ilishindikana.

Lakini siku ya Jaakko ni kesho! Elma ametuachia maji, anasema yeye ametosheka. Raimo ameketi na kutazama, kikohozi kimemzidi. Bwana Lindroos alirusha hadi jioni. Nzi watano mitini, mmoja kofiani kwa Raimo. Raimo alimchomoa, akamgeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii kazi ya Hilkka," alisema. Hakunirudishia mimi. Alimpa Bwana Lindroos, naye akamtia mfukoni.

Koponi wamebaki wawili.

Alhamisi, 25 Julai

Siku ya Jaakko. Wazee husema leo Jaakko anatupa jiwe la baridi mtoni na kiangazi kimekwisha. Maji yalikuwa baridi kweli.

Nzi wa kumi amenasa kwenye gogo chini ya maji. Amekwisha. Nikamfunga wa kumi na moja mshipini. Bwana Lindroos alisema hawezi, nirushe mimi. Nikamwambia mgeni ni yeye, na kwamba mimi nikishika ufito hapa sitaweza kuona vizuri. Hakuuliza sababu.

Alirusha. Vizuri, kwa mara ya kwanza! Nzi alitua karibu na jiwe, akaelea hatua tatu. Kisha maji yakafunguka.

Nimemwona. Nimeongoza watu miaka thelathini na tano na sijawahi kumwona wa namna ile. Alikuwa mweusi mgongoni, na mdomo umepinda. Kilo sita. Bwana Lindroos alisema "Samahani," sijui alimwambia nani, akainua ufito kwa heshima kubwa mno, kama anayeogopa kumwumiza. Mshipi ukalia. Ukakatika. Maji yakafunga.

Tulikaa juu ya jiwe. Kwa hiyo sasa, mahali fulani ndani ya Kilindi cha Halli, yuko samaki ana nzi wa Hilkka mdomoni. Alisema hawajamkosea kitu.

Saimi alikuja kulifunga daftari. Alitutengenezea kahawa, akangoja wengine watoke. Ndipo akauliza mimi ningekipa jina gani. Nikapuliza kahawa. Akasema anajua.

"Ungesema tu, Oiva. Tulikuwa watano pale mezani na wote tulimpenda."

Nikatazama mabuti yangu.

"Haya. Lile jiwe nalo halina jina," akasema. "Nafasi ipo pembeni. Ramani inakwenda kwa mchapishaji Jumatatu asubuhi. Una la kuniambia?"

Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale, nyuma ya meno.

Nikaomba sukari.

Akanipa vijiko viwili, akanishika bega, akaondoka.

Ijumaa, 26 Julai

Nyumbani. Mvua imekatika sasa, tumekwisha kurudi.

Bwana Lindroos alitoweka alfajiri, nikadhani amekimbia. Alirudi saa nne, amelowa hadi kwapani, mikwaruzo usoni. Akaweka juu ya meza ya jikoni kikasha kidogo cha plastiki, cha kuwekea meno. Ndani, juu ya pamba, nzi tisa. Alikuwa amepanda mti mmoja baada ya mwingine, tangu kule juu hadi maji ya chini, na kibano chake cha kazini. Wa tisa ni yule wa kofia ya Raimo. Aliomba radhi kwa wale wawili wengine.

Nimewahesabu mara tatu. Nimewarudisha kwenye kopo la pipi. Nikamwambia moshi wa jiko unauma macho. Jiko lilikuwa halijawashwa. Akasema ndiyo, unauma.

Wakati anafungasha, wazo likanijia. Safi! Nashangaa sikulipata mapema.

Nimeandika barua kwa Saimi, kwa mwandiko wa kuinamisha upande wa kushoto. Inatoka kwa Umoja wa Wapenda Mafumbo ya Maneno wa Turku, ambao haupo. Wanachama wanaeleza kwamba kwa miaka mingi wamesikia habari za jiwe fulani bapa na mama mmoja aliyekuwa akilikalia, na wanaomba kwa unyenyekevu jiwe hilo liandikwe kwa jina lake. Jina nimeliandika bila shida. Kwenye karatasi linatoka lenyewe.

Bwana Lindroos ataitia posta akifika kwao. Aliisoma, kisha akauliza kama si rahisi zaidi tumpelekee Bibi Saimi mkononi, maana tungepita mlangoni kwake tukielekea kituoni. Nilicheka. Watu wa mjini!

Tulipopita, Saimi alikuwa uani anasafisha beri. Alinipungia mkono, akaweka ndoo chini, akasogea hadi langoni. Nikaongeza mwendo.

Nimepiga hesabu. Barua kutoka Turku huchukua siku nne. Raimo na wengine wakitaka jiwe, watakuwa wamewahi na maombi yao leo au kesho. Yangu itafika Jumatano, baada ya zote.

Wacha waharakishe. Wa mwisho ndiye mwenye haki zaidi.