Kiti cha Kaunta ya Tatu

Sharubati hakuwa na kazi, ila alikuwa na shughuli. Shughuli zenyewe zilimtaka awe na viatu vinavyong'aa, mkoba usio na kitu, na ulimi ambao majirani walisema ungeweza kumkodisha mtu mwavuli wake mwenyewe. Ndiyo maana wakampa jina la kinywaji kitamu.

Siku hiyo aliingia kwenye ofisi ya kampuni ya ving'amuzi kwa sababu moja tu: nje jua lilikuwa linachoma, ndani kulikuwa na kiyoyozi. Akachukua namba ya foleni, akaketi, akaanza kutazama watu kama kawaida yake. Kaunta kumi na mbili, wahudumu kumi na wawili, kila mmoja anatukanwa na mteja wake. Wa kaunta ya tano alikuwa anafokewa kwamba picha hukatika timu ikikaribia kufunga. Wa kaunta ya nane alikuwa anadaiwa tamthilia ya Jumanne, kana kwamba ameificha chini ya meza. Ukutani palibandikwa tangazo la nafasi ya msimamizi, na mstari wa kwanza kabisa ulisema mwombaji awe na diploma. Sharubati akaona macho ya wahudumu yakienda kwenye ile karatasi na kurudi, yakienda na kurudi.

Roho ikamdunda kwa furaha. Watu kumi na wawili wanataka kuhama, na kilichowazuia ni karatasi! Na karatasi, jamani, ndiyo fani yake.

Namba yake ilipoitwa, iliangukia kaunta ya tatu. Pale alikaa mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Shangazi, si kwa undugu bali kwa uvumilivu. Miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye kiti kile. Alikuwa amewafundisha kazi mameneja wanne waliokuja na vyeti vyao, na wote wanne walipanda ngazi wakamwacha palepale.

Sharubati akajitambulisha kuwa Mkuu wa Chuo. Chuo gani, hakusema. Mambo makubwa hayatajwi hovyo. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba chuo chake kinawatambua waliosomeshwa na maisha. Darasa hakuna, mtihani hakuna. Kuna diploma yenye mhuri, na kuna picha ya mahafali, mtu amevaa joho na kofia. Mwenye picha ya joho ukutani, nani atamuuliza alisoma wapi?

Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kisha akafanya kama anavyomfanyia kila mteja, akarudia maneno ya mwenzake kwa namna yake.

"Kwa hiyo kaka yangu, kama nimekuelewa, wewe unampa mtu karatasi ili ainuke kwenye kiti."

"Umesema vizuri kuliko mimi, dada."

"Basi shida yangu siyo karatasi. Kazi nimeshapata. Kuna mama mwenye kliniki ya meno, mteja wangu wa siku nyingi, anataka nikamsimamie ofisi. Cheti hataki, anasema miaka sita ya kunisikia kwenye kaunta hii inamtosha. Lakini ananitaka Jumatatu, akinikosa anachukua mwingine. Na meneja hasaini barua ya kuniachia mpaka nimletee mtu wa kukaa hapa. Nimeleta tisa, wote wamekimbia kabla ya mchana. Ninachotafuta ni mtu."

Yote hayo aliyasema wazi, tena polepole. Naomba hilo likumbukwe, maana baadaye Sharubati alidai amedanganywa. Hakudanganywa. Alikuwa hasikilizi. Wasemaji wana ugonjwa huo: mwenzao akiongea, wao wanapanga la kusema. Alichokisikia yeye ni kwamba dada ana hamu ya kuondoka, basi.

Akamwambia mahafali ni Ijumaa. Dada akakubali upesi, tena akajitolea kuwaandikisha wenzake na kukusanya ada zote kwenye bahasha moja, ili Mkuu wa Chuo asisumbuke. Sharubati akatoka akipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi akakodi joho kwa fundi cherehani, moja tu, watapokezana. Akamlipa mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, yote kutoka mfukoni mwake, maana mkono mtupu haulambwi. Diploma alizichapisha na kuzigonga mhuri mwenyewe. Na kwa kuwa Mkuu wa Chuo hawezi kukosa cheti, akajiandikia na yeye Diploma ya Juu ya Huduma kwa Wateja. Ilimpendeza mno, hata akaiandikia jina lake halisi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi.

Kikwazo kikawa kimoja. Shangazi alimweleza kwamba kaunta haiachwi tupu, meneja anatazama kutoka nyuma ya kioo, kwa hiyo kila anayekwenda kupigwa picha lazima ashikiwe nafasi. Shangazi angeshika za wenzake kwa zamu, na Sharubati angekaa ya tatu dakika kumi tu, mteja akija amwambie pole, nimekuelewa, tunalishughulikia. Sharubati akaitupia jicho ile bahasha. Ilikuwa nene. Akavaa fulana ya kampuni, akakaa.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee aliyekuja kukivunja king'amuzi chake mbele ya mashahidi. Sharubati akampa pole. Akamuuliza kimeanza kusumbua lini, na nani mwingine nyumbani ameumia. Mzee akajikuta anaeleza habari za mkwewe. Baada ya dakika saba aliondoka na king'amuzi kilekile kibovu, huku akimwombea Sharubati maisha marefu. Mama mmoja aliyekuja kudai tamthilia akasimuliwa sehemu yote aliyoikosa, kila neno la kubuni, akalia, akashukuru. Foleni za kaunta nyingine zikaanza kuhamia ya tatu. Dakika kumi zikawa saa tatu na mwenyewe hana habari. Maisha yake yote alihangaika kutafuta watu wa kuwalaghai. Hapa walikuja wenyewe, tena kwa namba.

Wahudumu wakaenda mmoja mmoja, wakarudi wanacheka. Wa mwisho akaenda Shangazi. Alirudi na joho lake mwilini, ameongozana na meneja.

"Ndiye huyu?" meneja akauliza.

"Ndiye. Uliniambia nilete mtu."

Meneja, ambaye alikuwa hajabanduka kwenye kioo tangu asubuhi, akauliza kama ana vyeti. Shangazi akaingiza mkono kwenye mkoba wa Mkuu wa Chuo, akatoa ile diploma ya juu kuliko zote.

Sharubati akafungua mdomo aanze hotuba. Shangazi akamwinamia sikioni kwa upole wake wote.

"Ukisema ni ya uongo, mlinzi yuko mlangoni. Ukisema huitaki kazi, meneja atauliza mgeni amefanya nini kwa saa tatu kwenye kompyuta zetu. Ukisema ni ya kweli, unaanza leo."

"Ni ya kweli," akasema Sharubati.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na cheti mkononi. Akasaini mkataba. Meneja akasaini barua. Shangazi akaishika kwa mikono miwili, akaisoma mara mbili, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akawakumbatia wenzake wote kumi na mmoja. Kisha akatoka barabarani na joho lake, na watu wasiomjua wakampisha na kumpa hongera.

Bahasha akamwachia Sharubati. Ndani hamkuwa na hata senti. Mlikuwa na kurasa nyingi za mwandiko wake, akiba ya miaka kumi na mmoja: la kumwambia anayetukana, la kumwambia anayelia, la kumwambia aliyesahau alichofuata. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. *Mwenye kiti hiki haachiwi mpaka alete mwingine. Nilikuambia.*

Namba nyingine ikaitwa. Akaja bwana mwenye viatu vinavyong'aa, akaanza kusimulia jinsi radi ilivyounguza king'amuzi chake. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne. Alisimulia vizuri sana, na Sharubati, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, kaka yangu," akasema. "Nimekuelewa. Hebu niambie, umewahi kufikiria kazi ya kukaa?"