Malalamiko ya Mama Asiyekuwepo Mirihi

Kwa Daktari Raghunandan Kulkarni,
Mkuu wa Mazoezi ya Safari ya Mirihi,
Bengaluru.

Mheshimiwa Daktari,

Julley, ndiyo salamu ya kwetu. Naitwa Kunzes Palmo, mfugaji wa mbuzi huku Changthang, Ladakh. Nakuandikia kwa heshima zote na hasira kiasi.

Mwanzoni mwa mwezi huu watu wako wanne walifika kwenye malisho yetu, wakajenga nyumba nyeupe ya mviringo hatua mia tatu kutoka hemani kwetu, wakavaa mavazi mazito na kofia za kioo. Tukaambiwa wanajifunza kuishi Mirihi, kwa kuwa kwetu ni kukavu, kuna baridi, na hewa ni haba kama huko. Sikukasirika. Yaliyonikasirisha ni haya:

1. Siku ya kwanza niliwapelekea chai ya siagi. Binti mmoja, Nivedita, akanisemesha kutoka ndani ya kioo: "Mama, samahani, rudi tu. Wewe hupo." Nikamuuliza, "Sipo wapi?" Akasema, "Huku Mirihi." Daktari, nina miaka hamsini na minane na nimezaa watatu. Hata mama mkwe wangu, pamoja na ulimi wake, hakuwahi kunifikisha hapo.

2. Walichota mavi ya mbuzi wangu kwa kijiko, wakayatia chupani, wakaandika kwamba huenda ni dalili ya uhai. Mume wangu Norphel alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mavi yameandikishwa, mwenye mbuzi hajaandikishwa.

3. Siku ya sita nahodha wao, Bwana Anirban, alizidiwa kwa uhaba wa hewa. Akawa anatapika na kuweweseka, midomo imegeuka buluu. Nivedita akawaita ninyi kwa redio. Lakini kwa kuwa Mirihi ni mbali, mmepanga kila jibu lichelewe dakika arobaini. Nao wakakaa wakasubiri! Nikawaambia, "Haya, subirini. Sisi tusiokuwepo tunakwenda naye." Tukampakia kwenye farasi, tukateremka naye kwa muda wa saa tano hadi kwa mganga wa zahanati ya bondeni. Aliitapikia kofia ya Norphel, lakini alipona.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Nivedita alikuja kwa siri akanisomea ripoti yenu: "Nahodha aliteremshwa na nguvu za asili zisizojulikana." Yaani mimi, Norphel na farasi!

Basi chagua moja. Ama majina yetu yaandikwe, na la farasi pia. Ama ushikilie kwamba hapa ni Mirihi; hapo mimi ni mwenyeji wa Mirihi, watu wako wameingia bila hodi wala kibali, na hiyo roketi mnayohangaika nayo ni ya nini, nanyi mmekwisha fika?

Nisalimie wote ofisini. Na yule anayekaa na saa akichelewesha majibu, mwambie namwombea siku akiugua apate wa kumjibu upesi.

Mimi, mwenyeji wenu nipende nisipende,
Kunzes Palmo

N.B. Barua ilikuwa bado haijapata wa kuipeleka, watu wako wakafungasha jana, wakaondoka. Malisho yamekuwa kimya kupita kiasi. Leo asubuhi Norphel alikwenda hadi pale ilipokuwa nyumba yao, akapazunguka, akarudi. Kama una wengine, walete kabla theluji haijafunga njia, na safari hii wajenge karibu. Ripoti waandike watakavyo.