Wachezaji Wanaongoja Gari la Moshi

Jumatatu, 22 Januari 1912. Dodoma.

Ng'ombe wangu amekamatwa! Malkia, yule mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda kama kiko. Ameingia bustani ya boma akala kabichi za Bwana Mkubwa, Mdachi wetu wa boma, zote, na mizizi. Mimi nilikuwa namchunga. Yaani nilikuwa nimelala karibu naye. Akida Bashiri, yule mtu wa pwani anayevaa kanzu nyeupe hata kwenye tope letu, kasema Malkia atachinjwa Jumamosi, sikukuu ya kuzaliwa Kaizari. Nikamwambia Kaizari hata hanijui, anamtakia nini ng'ombe wangu? Akaniambia nifunge mdomo.

Raheli mke wangu hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Hatuna ng'ombe mwingine. Maziwa ni yeye, samli ni yeye. Kasema tu nikamrudishe, au na mimi nisirudi.

Jumanne, 23 Januari.

Nimepata hila! Bwana Mkubwa anapenda picha. Ofisini kwake ametundika milima na farasi. Nimekwenda bomani, nikampa Akida shikamoo, mtu ambaye ningeweza kumzaa, tena mara mbili. Nikamwomba amtafsirie Bwana kwamba mimi ni mchoraji. (Si uongo. Niliwahi kuchora mbuni kwenye kibuyu. Watu walidhani ni kuku, lakini wote walijua ni ndege.) Kwamba nitachora wacheza ngoma kwenye ukuta mweupe wa banda la sherehe. Bwana akasema vema, ila awaone pale ukutani wanacheza kweli. Watu wa kusimama tu anao tele, ndio askari wake. Wakicheza, narudishiwa ng'ombe wangu. Wasipocheza, mchuzi.

Mlangoni alikuwepo Yahaya mchinjaji, Mrangi wa Kondoa. Huyo ameahidiwa ngozi na kichwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kasema, mzee Methusela, chora upesi, kisu changu kinashikwa na baridi.

Jumatano, 24 Januari.

Nimechora wanawake wa muheme, ngoma yetu Wagogo, kila mmoja na ngoma yake kati ya mapaja. Rangi ni ngeu, ule udongo mwekundu tunaojipaka mwilini, na masizi, na samli ya Raheli. Hajui kuhusu samli.

Nikamwita Anyesi, kiongozi wa ngoma yao, aje ajione. Akatazama. Akatazama tena. Akauliza kwa upole kama hawa wanangoja gari la moshi. Wenzake wakaangua kicheko. Akasema yule wa mbele mwenye shingo ya mbuni, kama ndiye yeye, nishukuru Mungu mikono yake imeshika ngoma.

Sikukata tamaa. Nikawaomba wacheze, na nikipiga kofi wasimame vilevile, mguu juu, nipate kunakili. Wakakubali. Nikapiga kofi. Mmoja wao, Hana, akamwangukia Anyesi, Anyesi akaiangukia ngoma, ngoma ikapasuka. Nimefukuzwa kwa mawe. Madogo, kwa heshima ya mvi zangu.

Alhamisi, 25 Januari.

Nimecheza mwenyewe mbele ya ukuta ili niitazame miguu yangu. Taabu ni kwamba ukiitazama miguu unakosa hatua, na ukipata hatua huoni miguu. Nikaangukia chungu cha masizi. Askari waliokuwa zamu wakaja kutazama. Mmoja alileta kiti.

Juu ya hayo, mvua imeleta unyevu na rangi inachuruzika. Wachezaji wangu sasa wanalia. Lakini kichwa hiki si cha kubebea kofia tu! Ngozi mbichi ukiitia chumvi inakaza. Basi na rangi itakaza! Nimechimba udongo wa chumvi, ule tunaoipelekea mifugo, nikauchanganya na ngeu na samli, nikawapaka upya kuanzia kiunoni hadi vidoleni. Tabaka nene. Miguu imekuwa kama ya tembo, lakini haichuruziki.

Yahaya amepita akamtomasa Malkia mbavu, kisha akaitazama kazi yangu. Kasema miguu ile hata nchi itetemeke haiinuki.

Ijumaa, 26 Januari.

Uchokozi mtupu! Yahaya amemleta Malkia bandani, kamfunga kwenye nguzo, pua imeelekea ukutani, eti kesho asihangaike kumtafuta. Nikashtaki kwa Akida. Akida kasema wachezaji wangu wamekwisha kufa, ng'ombe atawafuata tu.

Nikaenda kumuaga Malkia. Nikamkuna sikio. Nikamwomba radhi kwa mambo ya kabichi. Hakunitazama hata kidogo, alikuwa amekazia macho ukuta. Nikaelewa ni majonzi. Nimetokwa na machozi. Leo nalala kwa Yotham jirani, maana Raheli ameegemeza kinu mlangoni.

Jumamosi, 27 Januari.

Msiba! Asubuhi nimekuta Malkia ameulamba ukuta wangu mpaka pale kamba ilipomfikisha. Kisa chumvi! Nikakaa chini nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Kisha nikainua macho.

Ulimi ulipopita, ngeu imeburutwa: juu, chini, kwa mzunguko. Mguu mmoja umekuwa mitatu, yote inakwenda. Nguo zinapepea. Vumbi jekundu linawapanda mpaka kiunoni. Anyesi akafika na ngoma ya kuazima, akasimama, na bega lake likaanza kutikisika lenyewe. Akauliza nani amewaamsha hawa. Nikasema mimi.

Akaja Bwana Mkubwa na vifungo vyake vinavyong'aa. Akaukabili ukuta. Nikasikia kiatu chake kinagonga chini, polepole, kufuata ngoma ambayo hakuna aliyekuwa anaipiga. Akida akatafsiri kwa uchungu, kama mtu anayetema jino: Bwana anasema wanacheza.

Yahaya hakukubali. Akampa Malkia kofi la shavu, akaonyesha pua, nyekundu mpaka machoni. Akapaza sauti kwamba mchoraji ni huyu hapa! Bwana akauliza maana yake nini. Banda zima likanitazama.

Nikasema: Bwana, sisi Wagogo siku kubwa humpaka ngeu yule tunayemheshimu. Huyu nimempaka mwenyewe, kwa ajili ya Kaizari. Muulize Anyesi. Anyesi, Mungu amjalie, akasema kweli tupu, na akaongeza kwamba kumchinja aliyepakwa ni matusi.

Bwana akasimama wima, akapiga saluti. Akampigia saluti ng'ombe! Kisha akaamuru wachinjwe mabeberu wawili wa Akida. Nimekula nikashiba. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, kama mwenyewe.

Jioni Raheli ameondoa kinu mlangoni.

Jumatatu, 29 Januari.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Ng'ombe alisaidia, sikatai, kama brashi inavyosaidia. Lakini chumvi aliitia nani? Basi.

Leo Bwana Mkubwa ameniita. Anataka picha yake mwenyewe, ukutani pa ofisi, amesimama na upanga, sharubu kila unywele mahali pake. Hataki atikisike hata chembe. Nikasema hiyo ni kazi ya watoto. Akida, macho yanamng'aa, akauliza na nikishindwa je? Nikajibu mbele ya watu wote: nikishindwa, mchukueni Malkia! Yahaya akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hataki kuuachia. Kijana mwenye moyo mwema kumbe, nilimdhania vibaya.

Nikakimbia nyumbani kumpa Raheli habari njema. Zilikwisha kumfikia. Ameondoka na Malkia kwenda kwa kaka yake kule Hombolo, hata uji hakuniachia. Hofu ya bure! Wanawake hawaelewi mambo ya ufundi.

Nimekwisha peleka neno bomani kwamba rehani imebadilika kidogo. Mbuzi za Raheli bado zipo zizini.