Sufuria ya Bamama na Programu ya Siku Makumi Tatu

Jumanne, 3 Julai 2018

Basi ile karatasi ya sufuria, Zaina anataka ilindwe paka mwisho wa dunia. Miaka saba, anasema! Nikamuambia miaka saba ni ya njaa ya Farao, haiko ya sufuria. Bamama bakacheka. Yeye, hapana. Zaina wa Kindu hachekake mbele ya bantu. Anaendaka kuchekea kwake, mulango imefungwa.

Andika, Ernestine, usiniangalie. We ni sekretere ya umoja, mi sikusoma. Kinywa ni yangu, vidole ni yako. Na uweke tarehe! Bazungu bakikuita ku interview ya kwenda Canada, banakuulizaka mambo ile ile mara mbili. Ukikosea tarehe, umeisha. Njo maana toka 2015 tunaandika hii kitabu yangu ya siku ku kompyuta ya biro. Miaka kumi na ine niko hapa Malawi, kambi ya bakimbizi ya Dzaleka. Wakiniita, sitakosea.

Nilikuwa wapi? Sufuria. Ile kubwa ya Umoja wa Bamama Bashonaji, inapika chakula ya bantu mia. Mu 2015 ilipotea. Nikasema mwizi. Bakasema mi njo niliiacha inje, bakanipigisha magoti, bakaandika mu PV, ile karatasi ya mambo ya mukutano. Na kwetu mukutano mukubwa haianzake bila kusoma PV ya mukutano ile ya 2015. Sala, kisha Zaina, makamu wangu, anasimama, anasafisha koo: «Mama Régine alipiga magoti, akalia.» Kila mwaka! Kila mwaka nalia upya mbele ya batoto ya bantu.

Cahier yenyewe, ile daftari ya PV, muchwa ilikula. Njo tukaweka yote mu wingu. Ernestine anasema ile wingu haiko ya mvua, ni kompyuta kubwa ya bantu bengine, mbali. Sawa. Sasa bafadhili bametuandikia. Majina ya bamama, mahali balikimbia, magonjwa yao, yote ni siri, Ulaya kuna sheria mupya. Tuchague programu ya kulinda kopi, juu ukifuta kitu mu wingu kwa kukosea, wingu nayo inafuta, haikuulizi. Mwisho ni tarehe makumi tatu na moja. Bila ile, hakuna mashini mupya za kushona. Na kila mama ana haki kuomba ya kwake ifutwe.

Eh! Nikaruka pa kiti. Ifutwe!

Juu sufuria, tuseme ukweli, iko chini ya kitanda yangu. Niliikopesha kwaya yetu ya Chilinde. Ilirudi nimeshalia. Ningefanya nini, nilie kinyume? Nimewekamo maharagi.

Alhamisi, 5 Julai

Lilongwe, sie batatu. Kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, paka ku barabara, kiuno imekufa. Zaina amevaa kitenge ya harusi, sijui anaolewa na nani.

Kwanza, mutaa ya Area 47. Kapeti, chai, bwana wa shati nyeupe. Programu yake inalinda miaka saba. Ata ukifuta, yenyewe inakumbuka. Nikauliza: na mama akiomba ya kwake ifutwe? Akasema pale ni nguvu kidogo, kutoa moja ndani ya zote haiwezekani. Zaina anaitika na kichwa kama mbuzi ameona chumvi. Nikauliza tena: makaratasi yetu italala wapi? Ulaya, anasema. Irlande.

Nikashika kifua. Makaratasi! Mi nimepimwa damu mara ine, nimepigwa picha mara sita, nangoja. Na PV ya sufuria njo inatangulia Ulaya mbele yangu?

Bwana akasema haipande ndege. Nikamuambia asinifariji.

Kisha Mchesi, juu ya duka ya misumari. Hakuna chai. Bwana Kamwendo, jasho tu. Programu yake inafanya kopi kila jioni, inalinda siku makumi tatu. Ukifuta leo, unaweza kurudisha paka ya makumi tatu. Ya makumi tatu na moja, imekwisha, ata yeye hawezi. Inalala Afrika ya Kusini, imefungwa, na funguo ni yetu. Mama akiomba, ya kwake inafutwa peke yake. Na kama tunapenda, PV zinaweza kulindwa muda mrefu kuliko ingine. Ile ya mwisho nilijifanya sikusikia.

Zaina akamuuliza mara mbili: siku ya makumi tatu na moja, kabisa kabisa? Kabisa. Akaangalia vidole yake. Nikaona ni huzuni. Zikomo, asante, bwana! Nilimupenda ule mwanaume. Nikamupatia karanga.

Jumamosi, 7 Julai

Komite. Zaina anasema programu ya kusahau ni ya bantu banaogopa kukumbukwa. Anasema tena, mama akipoteza karatasi yake, nani atamushonea ingine? Alisema vizuri, shetani ile.

Nikasimama. Nikawaambia juu ya heshima. Mama mwenzetu Nahimana aliandikwa mu ile kompyuta na ugonjwa yake yote, mnataka ilindwe miaka saba kama nyama kavu? Nahimana, alikuwa pa dirisha, akasema hakuna mwenye alijua ni mugonjwa, sasa bote banajua. Nikaomba pole, nikaendelea.

Ernestine akasema Mchesi njo inafuata sheria, lakini tuombe PV zilindwe miaka mbili. Nikamukata. Makumi tatu, kwa yote! Sheria haina ndugu! Kura mbili kwa moja. Mchesi.

Jumanne, 10 Julai

Leo mi mwenyewe nikaleta ombi. Ile PV inanihusu, ifutwe. Ernestine akasema iko na mambo ingine ndani, tusome yote kwanza. Nikamuambia mi sijui kusoma, nitasoma nini? Inanihusu? Inanihusu. Futa!

Akafuta. Ata sauti hakuna. Nilifikiri italia kidogo.

Nikapika ile maharagi, nikamuletea Ernestine sahani moja. Tamu.

Ijumaa, 10 Agosti

Mwezi muzima nilisahau kuandika, juu ya furaha. Zaina alikuwa ananisalimia vizuri. Akaniletea ata ndizi. Nikasema, kumbe muntu anabadilika.

Leo akaingia biro pole pole. Kesho ni mukutano mukubwa, anaomba PV ya 2015. Nikasema imefutwa, sheria. Akasema vema sana. Na uchaguzi ya mama prezida, akauliza, iko mu PV gani?

Ernestine akaweka mikono ku kichwa. Ile ile! Jambo ya kwanza, sufuria. Jambo ya pili, Mama Régine anashinda, kura kumi na ine kwa kumi na tatu. Karatasi moja! Na kwetu prezida bila PV haiko prezida.

Tukapigia Kamwendo. Akahesabu. Leo ni siku ya makumi tatu na moja. Pole, mama.

Ile ndizi! Alikuwa anahesabu na ndizi!

Nicheke, nilie? Bukavu nilikuwa na nyumba ya matofali na mashini tano. Hapa niko namba ku karatasi ya posho. Nimebaki na ile kiti ya prezida tu. Nikipita, bantu banasema mama prezida. Kesho nikipita, banasema nini? Ukoko ya maharagi.

Jumamosi, 11 Agosti

Asubuhi. Ernestine amefika mbio. Kuna karatasi moja tena! Hii kitabu yangu ya siku, siku ile ile ya 2015, na tarehe, mukono ya sekretere: «Nimeshinda, kumi na ine kwa kumi na tatu!» Anasema statuti, sheria ya umoja, itakubali.

Nikapiga kigelegele. Nikamuambia anisomee yote.

Akasoma. Mustari ya juu: «Sufuria imerudi toka Chilinde, nimeificha chini ya kitanda.»

Nikamuuliza kwa nini aliandika ile. Akasema vidole haina kinywa.

Futa sufuria, nikasema, acha kura. Akasema ikisomwa leo, Zaina ataomba kopi ya jana, na kopi iko, siku makumi tatu. Mujinga gani alichagua hii programu!

Lakini kichwa yangu haiko ya bure. Nimepata! Afute leo. Na mi niumwe siku makumi tatu na moja. Mukutano haifanyike bila prezida. Siku ya makumi tatu na moja napona, naingia na karatasi safi, Zaina anameza kitenge yake. Nimeshatuma Olga, mukwe wangu, aende kuwaambia niko chini na homa mubaya.

Ernestine anasema sijajifunza kitu. Nijifunze nini? Mara ya kwanza tulikosea siku tu.

Nani anaita? Nahimana, pa dirisha. Anashangaa kunikuta biro. Anasema bamama bote, na Zaina mbele, bameenda kwangu kuniombea. Banafagia nyumba ya mugonjwa. Banataka kutoa kitanda inje, ipate jua.

Kitanda!

Ernestine, futa. Futa yote! Hapana, ngoja, acha kura. Nahimana, nishikie mukono, twende. Naenda, naenda.