Mkwaruzo wa Sebuleni

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimehamisha kabati la vyombo peke yangu. Nataka iandikwe mahali: peke yangu. Asubuhi mke wangu aliniambia nimsubiri kaka yake, shemeji yangu, aje jioni tulinyanyue wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema, akachukua mkoba wake akaenda zake wodini. Yeye ni mkunga. Mimi ni fundi saa. Kutwa nahangaika na vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama. Kabati litanishinda nini?

Halikunishinda. Limefika dirishani. Tatizo ni njia lililopitia. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa na msumari uliochomoza, nao umechora mfuo mweupe kwa mshazari, kutoka pembeni mwa sebule hadi dirishani. Urefu wa mtu mzima aliyelala.

Ingekuwa sakafu ya saruji ningecheka tu. Hii ni ya mbao ngumu, nyekundu kama chai ya rangi, na aliyeipanga ubao kwa ubao ni baba mkwe, seremala, mwaka ule tulipooana. Siku kumi na moja alipiga magoti. Ndiyo zawadi aliyompa binti yake. Sasa macho yake yanafifia, na Jumapili anakuja kukaa nasi. Mke wangu anasema huenda hii ndiyo mara yake ya mwisho kuiona.

Nimetandika mkeka juu ya mfuo. Shemeji alipofika nikamwambia kazi imekwisha. Akauliza kwa nini mkeka umekaa kwa mshazari. Nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Fundi viatu, jirani yangu wa kazi, anasema mbao iliyokwaruzwa husuguliwa kwa karanga. Mafuta yake huziba mfuo. Hakusema karanga za namna gani. Nilizopata zilikuwa za kukaanga, zenye chumvi.

Nikasugua saa nzima. Mfuo ukafifia kweli. Nikajipongeza, nikarudi kwenye saa zangu.

Saa nane wakaja sisimizi. Si wawili watatu. Msafara. Walipita chini ya mlango, wakaufuata mfuo bila kupinda hata kidogo, kama waliochorewa ramani. Mkwaruzo uliokuwa mweupe jana, leo mweusi na unatembea.

Nilimaliza kufagia dakika chache kabla mke wangu hajarudi. Akauliza mbona nyumba inanuka karanga. Nikasema nilishikwa na njaa. Wakati wa chakula akaniwekea bakuli la karanga kando ya sahani, eti kwa kuwa siku hizi nazipenda. Nimezila zote. Ningefanyaje?

Jumatano, tarehe 6 Machi

Rangi ya viatu! Ya kahawia iliyoiva. Fundi viatu amenipa kidogo kwenye kifuniko. Nimepaka kwa kitambaa, nimefuta, nimerudi nyuma hatua tatu kutazama. Mfuo haupo. Akili ni mali.

Shemeji akaja na yale mabuti yake. Nikamzuia mlangoni: kuanzia leo, viatu vinavuliwa nje. Akavua bila ubishi. Ndani ya mabuti mlikuwa na soksi nyeupe.

Alitembea toka kitini hadi jikoni kunywa maji, akarudi. Kila hatua ikaandikwa. Alipozitazama alama alizoacha sakafuni, kisha nyayo za soksi zake, akataka kujua kuna nini humu ndani. Nikamwambia pengine ni jasho. Shemeji ameondoka bila kuaga, na mfuo umerudi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mteja mmoja, mama aliyeleta saa ya ukutani, anasema seremala huweka kitambaa kibichi juu ya mbao na kupitisha pasi ya moto. Mvuke huiamsha mbao, nayo huvimba ikajiziba. Maneno ya mtu mwenye akili.

Ilikuwa inafanya kazi. Naapa ilikuwa inafanya kazi. Kisha simu ikalia. Baba mkwe. Akaniuliza habari za kazi, za pacha wetu walioko chuoni, za mke, akamalizia kwa kuuliza sakafu yake haijambo? Nikasema haijambo, inakusalimu. Akacheka sana. Mzee huyu hucheka hadi akohoe, nami hupenda kumsikia, kwa hiyo nikaongeza vichekesho viwili vitatu.

Harufu ndiyo iliyonikumbusha pasi.

Sasa pana mfuo, na juu ya mfuo pana alama ya pasi, nyeusi tii, ncha yake ikielekea dirishani. La kuvunda halina ubani.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimelihamishia kochi juu ya alama. Safari hii nilitumia akili: nilikata blanketi kuukuu vipande vinne, nikavigandisha kwa gundi chini ya miguu. Kochi limeteleza kama linaloogelea, bila mchubuko hata mmoja. Ila shemeji alipokuja (amenisamehe, dada yake kamwomba) alijitupa juu yake kama kawaida yake, na kochi likaondoka naye mpaka ukutani. Nikalirudisha kabla hajapata kutazama chini.

Limekaa katikati ya sebule, limeupa mlango mgongo. Mke wangu aliporudi alilizunguka mara moja, akauliza kisa. Nikasema hapa pana hewa. Akavua viatu, akaketi kando yangu, akasema kweli, hewa ipo. Akanilalia begani. Leo amezalisha watoto watano, mikono yake inanuka sabuni ya wodini.

Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo. Ukatoka mwayo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mpango wa mwisho: nta. Nipake sakafu nzima, ing'ae kiasi kwamba mzee mwenye macho dhaifu asione kitu kingine ila mng'ao. Nimeisoma tena sentensi hiyo na nimeona aibu. Lakini nta nilikwisha kuipaka.

Baba mkwe akafika leo, siku moja kabla. Shemeji alikwenda kumchukua bila kuniambia. Nilisikia sauti ya mzee mlangoni, nikatoka jikoni mbio kumpokea. Wanasema kuteleza si kuanguka. Mimi nilifanya yote mawili. Nilishika kochi nalo likaja pamoja nami, tukafika miguuni pake kwa wakati mmoja.

Mzee akaniangalia pale chini. "Mwanangu," akasema, "unaamkia kwa unyenyekevu sana."

Kisha akaona. Akaweka chini sanduku lake la vifaa, akapiga magoti polepole, akaweka kiganja kwenye alama ya pasi. Akaufuata mfuo kwa vidole, ubao hadi ubao, mpaka dirishani. Nikaanza kueleza kabati, msumari, karanga, yote. Hakunisikiliza. Vidole vyake viliupita mfuo, vikasimama kwenye ubao wa tatu toka ukutani.

"Huu hapa," akasema. "Ndio niliokuja kuutafuta."

Akaeleza akiwa bado amepiga magoti. Siku ile ya kumi na moja mbao ziliisha, likabaki pengo la ubao mmoja, na arusi ilikuwa kesho yake. Akachukua ubao hafifu wa sanduku la mizigo, akaupaka chai nzito mara nne mpaka ukafanana na wenzake. Miaka ishirini na mitatu umekuwa ukimkosesha raha. Ameleta ubao wa kweli, aubadilishe angali anaona.

"Nilimficha binti yangu," akasema. "Siku ya arusi yake."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi. Sijui tangu lini.

"Ubao wako niliujua mwaka ule ule, Baba," akasema. "Ukimwagikiwa maji unanuka majani ya chai." Akanigeukia. "Na mfuo wako niliujua Jumatatu. Nilitaka tu kuona utafika wapi."

Baba mkwe akacheka mpaka akakohoa. Shemeji akamletea maji. Mimi nilikuwa bado niko chini.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Siku tatu tumepiga magoti, mimi na mzee. Kwanza kuondoa nta yangu. Kisha msasa. Aliushika mkono wangu kama mtoto anayefundishwa kuandika: fuata mistari ya mbao, usiikate, usiwe na pupa. Mfuo umekwisha. Alama ya pasi imebaki kivuli. Kuifuta kabisa kungeula ubao mno, akasema, na sakafu ya watu haikosi kovu.

Leo tuliung'oa ule ubao wa chai, tukaweka mpya. Umeingia kama jino. Mzee akapitisha kiganja mara mbili akiwa amefumba macho. "Sasa nimemaliza kazi," akasema. Mke wangu akamsaidia kuinuka, wakasimama hivyo wameshikana kwa muda. Nilikwenda jikoni kutafuta kitu ambacho sikukihitaji.

Usiku huu nimemwahidi mke wangu sitamficha jambo la sakafu tena maishani.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Baba mkwe ameondoka asubuhi. Ameniachia randa yake ndogo. Anasema mikono yangu imeanza kusikia.

Mlango wa chumbani unaburura chini. Mke wangu amesema nimsubiri shemeji, atakuja kesho. Lakini nina randa, na nina mikono inayosikia. Nimeung'oa mlango, nimeulaza juu ya stuli mbili, nimeranda saa nzima. Maranda yalitoka mazuri, marefu, yamejikunja kama utepe. Nikaurudisha kwenye bawaba zake.

Bado unaburura chini. Juu, kati ya mlango na fremu, vidole vitatu vinapita.

Mke wangu anarudi saa kumi na mbili, na sasa ni kumi na moja. Nimeisoma tena ahadi yangu ya Jumanne. Ilihusu sakafu. Mlango haukutajwa. Natafuta kitambaa cha pazia.