Jicho la Kulia la Mchora Mabango

Jumatatu, 4 Machi
Nimejigonga mlangoni tena. Mlango wangu mwenyewe! Mke wangu anashuku presha ya macho, anataka twende kliniki. Nimekataa. Shemeji, mchora mabango mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, akijua sioni pembeni atanichukulia wateja wote. Mke wangu akauliza wateja gani, maana bango la duka la dawa nimeliandika linapanda mlima. Nimenuna. Kesho nitakwenda, lakini nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Kipimo chenyewe: unatazama ndani ya bakuli jeupe, ukiona kijitaa unabonyeza kitufe. Nikabonyeza kila nilipohesabu tatu. Daktari akasoma majibu, akasema hajawahi kupata mgonjwa anayeona hata taa ambazo hazijawashwa. Tukarudia, safari hii bila ujanja. Jicho la kulia, nusu imekwenda na haitarudi. Nililia, sioni haya kuandika. Ndilo jicho ninalonyooshea mistari.

Daktari akasema nusu iliyobaki inaweza kulindwa. Ataingiza mrija mdogo kuliko punje ya mchele kupitia kitundu, maji ya jicho yapate njia, presha ishuke. Nikauliza kama jicho litatolewa kwanza, liwekwe mezani. Hakucheka. Namshukuru kwa hilo.

Alhamisi, 7 Machi
Upasuaji. Nilipanga kuzirai mlangoni ili waahirishe. Nikazirai vizuri sana. Muuguzi akaniambia niinuke, sakafu imetoka kupigwa deki. Matone ya ganzi, dakika ishirini, basi. Mchana nimelala kitandani kwangu.

Ijumaa, 8 Machi
Presha imeshuka! Daktari, Mungu amzidishie, amekataza vumbi, kuinama na kubeba vizito. Tukapita duka la dawa. Bango limenyooka. Shemeji amelirekebisha na chini ameacha jina langu. Nikaenda kumshukuru. Akasema nipumzike, kazi zangu atazishika yeye. Sistahili watu hawa.

Jumapili, 10 Machi
Asante ya mdomo haitoshi. Bango la kliniki limechubuka, na leo wamefunga. Kesho daktari atakuta jipya. Mke wangu nimemwambia nanyoosha miguu. Naandika haya juu ya ngazi, nimetoka kupiga msasa rangi ya zamani. Masharti nayafuata yote. Vumbi: nimefunga leso puani. Vizito: ngazi sikuibeba, niliiburuta. Kuinama: huku juu nimesimama wima kabisa.